Kiyoyozi cha Mama Sang

Simu ya karakana iliita saa nne asubuhi, mikono yangu imejaa grisi mpaka viwikoni. Nikaibana kati ya bega na sikio, nikaendelea kuifungua pampu iliyokuwa mezani.

"Haloo. Hapo ni kwa Fundi Yip?"

Bisibisi ikaniponyoka.

"Ndipo," nikasema.

"Naomba kuongea na mzee mwenyewe. Nahitaji kiyoyozi cha boti, cha chumba cha kulala. Boti ya mbao, ya zamani kidogo."

"Mzee alifariki. Huu mwaka wa tatu."

Nilisikia maji yakigonga ubao upande wake wa simu, na kwa mbali honi ya feri. Hakuwa ng'ambo. Alikuwa hapa hapa.

"Suet-wah?" akauliza taratibu.

"Boti iko wapi?"

"Ah-Suet, mimi ni..."

"Najua wewe ni nani, Shui-sang. Nimekuuliza boti iko wapi."

"Pale pale," akasema. "Mama hajawahi kuisogeza."

Ningeweza kumwambia nimezidiwa na kazi, na isingekuwa uongo. Mwezi wa nane hapa bandari ya Aberdeen kila mwenye boti anakikumbuka kiyoyozi chake siku kinapokufa. Ningeweza kumpa namba ya fundi mwingine. Yupo mmoja mtaa wa pili, hana ubaya. Badala yake nikanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya unga, nikabadili fulana, nikajionea aibu kwamba nimebadili fulana, nikaivaa tena ile ya kwanza yenye grisi. Kisha nikachukua mkoba wa vifaa na tepu ya kupimia, nikashuka gatini.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane alipoondoka. Sasa nina thelathini na tisa. Wakati ule yeye alikuwa fundi wa injini, mtoto wa watu wa majini, aliyezaliwa ndani ya boti ile ile ya kuvulia na kukulia humo. Alikuja dukani kwetu, karakana hii hii ya kisiwani Ap Lei Chau, kutafuta mpira wa pampu, akarudi kesho yake kuutafuta tena, na keshokutwa. Baba akaniambia, "Huyu kijana ana pampu ngapi?" Tulipendana miaka miwili. Tukataka kuoana.

Mama yake akakataa. Alimwambia mwanawe mbele yangu, "Ukimwoa wa nchi kavu atakupandisha juu, nami nitabaki na boti tupu." Mwanawe mkubwa alikuwa amezama miaka mingi nyuma, aliyebaki ni huyu. Akatoa sharti: mkwe akaishi botini. Baba yangu naye akanyanyua kidevu. "Sina mtoto mwingine. Sitamlaza binti yangu kwenye maji ya ngama." Wakabishana mara tatu, na mara ya tatu hawakuagana. Shui-sang akaona hawezi kuwatenganisha wala kuwapatanisha, akapata kazi ya umakanika wa meli Singapore. Miaka miwili tu, alisema. Hata mwaka mpya wa kwanza hakunipigia. Wala uliofuata.

Ndiyo maana sampani, kile kiboti cha kuvushia watu, iliponivusha asubuhi ile nilikuwa nimekaa nikiangalia viatu vyangu.

Alikuwa amesimama nyuma ya boti, kamba mkononi. Mvi zimemwanza juu ya masikio. Alikuwa mwembamba kuliko yule niliyekuwa naye kichwani, na mabega yake yalikuwa yameshuka kidogo, kama ya mtu aliyezoea kuinama kwenye vyumba vya injini. Aliponipa mkono nipande, niliushika kwa vidole vinne nikauachia upesi.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja kupima."

Akanitazama. Nikaitazama jenereta.

"Nani huyo?" sauti ikauliza kutoka chumbani.

"Fundi, Mama."

"Fundi gani ana hatua za mwanamke?"

Niliinama nikaingia. Joto lilinipiga usoni. Feni ndogo ilikuwa inahamisha joto kutoka kona hii kwenda kona ile, na kipimajoto kilichotundikwa kando ya madhabahu ya Tin Hau, mlinzi wa watu wa baharini, kilisoma nyuzi thelathini na sita. Mama Sang alikuwa amekaa kitandani, miguu imekunjwa chini yake, vidole vya mikono vimepinda kwa baridi yabisi. Nilimwacha mwanamke wa kubeba ndoo mbili za samaki. Sasa alibaki macho na mifupa.

"Shikamoo, Mama Sang."

"Marahaba." Akanikagua kuanzia viatu. "Binti Yip. Umenenepa."

"Wewe umepungua."

"Mimi nilikuwa nachemshwa, napungua lazima. Huyu anataka nilale kwenye friji."

Shui-sang akaeleza akiwa amesimama mlangoni, maana chumba hakikutosha watu watatu. Wiki tatu zilizopita mama yake alianguka kwa joto. Jirani wa boti ya pili ndiye aliyemkuta. Alilazwa siku tano, na daktari akasema wazi: chumba kishuke chini ya nyuzi ishirini na nane mchana kutwa, la sivyo apelekwe nyumba ya wazee.

"Ghorofa ya tisa," Mama Sang akadakia. "Nikifa huko hata Tin Hau hatajua pa kunitafuta."

Nikapima. Urefu, upana, kimo. Nikahesabu madirisha, nikabandika kiganja ukutani upande wa magharibi. Mbao zilikuwa za moto tangu jana yake.

"Weka kubwa," Shui-sang akasema. "Ile ya BTU elfu kumi na nane. Imalize kazi."

"Chumba hiki ni cha elfu tisa. Kwa kuwa kiko juu ya sitaha na jua la jioni linakipiga, tuseme elfu kumi na mbili. Ukiweka elfu kumi na nane itapoza dakika tano ijizime, kabla haijanyonya unyevu. Mama yako atalala kwenye godoro bichi. Na jenereta yako ile itakohoa tu, haitaiwasha."

"Unaongea kama mzee wako."

"Aliniachia karakana na mdomo."

Akacheka kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka huziba mdomo kwa ngumi. Nikageukia dirisha kulipima mara ya pili.

Nikawaeleza kwamba njia ni mbili. Ya kwanza, mashine kama ya nyumbani: nusu ndani, nusu juu ya paa, inapozwa kwa hewa. Haisumbui. Unaosha kichujio cha hewa mara moja kwa mwezi, unaisuuza chumvi, unaiacha. Ila haiishi miaka mingi baharini, na kimbunga kikija lazima ifungwe kwa kamba. Ya pili, mashine moja nzima inayokaa chini ya kitanda, inapozwa kwa maji ya bahari. Kimya, imara, inapoza vizuri zaidi. Lakini inavuta maji haya tunayoyaona, yenye mifuko ya plastiki, manyoya ya bata na vikonokono. Kuna chujio la maji lazima lifunguliwe kila wiki. Ukisahau, pampu inafyonza hewa, mashine inazima siku ile ile ya joto kali.

"Ya paani," Shui-sang akasema bila kufikiri. "Mkataba wangu mpya unaanza tarehe mosi. Nina siku tisa."

Siku tisa. Niliziandika kwenye daftari pamoja na vipimo vya dirisha, sijui kwa nini.

Alipokwenda nyuma kuwasha jenereta ili nione nguvu yake, Mama Sang alinishika ukosi wa fulana.

"We binti. Sogea. Katika hizo mbili, ipi inasumbua zaidi?"

"Inasumbua?"

"Inayotaka mtu. Kila siku ikiwezekana."

"Ya maji ya bahari."

"Basi nichagulie hiyo."

"Mama Sang, mashine haichaguliwi kwa usumbufu wake."

"Amerudi baada ya miaka kumi na moja," akasema, na sauti yake ikapoteza ukali wote. "Akikuta mashine isiyohitaji mtu, ataondoka hata kabla ya siku zake. Wewe ni fundi. Mwambie mama yake anahitaji ile yenye matatizo. Wewe atakusikia."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke huyu kwa muda mrefu sana. Nilikuwa na maneno yaliyopangwa, mengine nimeyafanyia mazoezi nikiosha vyombo. Pale, na vidole vyake vilivyopinda kwenye ukosi wangu, hata moja halikuja.

Nikapanda paani. Nikachomeka kisu kwenye ubao wa katikati. Kilizama kama kwenye tofu. Nikajaribu pembeni, pakawa afadhali. Nikachuchumaa pale juu, jua kisogoni, nikamtazama Shui-sang kupitia uwazi wa paa akiwa ameinamia jenereta, shati limeganda mgongoni. Nilifahamu kwamba kwa fremu ya chuma inayogawa uzito hadi kwenye mbao nzima za pembeni, mashine ya paani ingekaa bila shida. Nimeshafanya hivyo kwenye boti mbili tatu.

Nikashuka. "Paa limeoza," nikasema. "Tutaweka ya maji ya bahari."

Shui-sang akanitazama muda mrefu. "Wewe ndiye fundi," akasema.

Kazi ilichukua siku tatu. Ulikuwa mwezi wa saba kwa hesabu yetu ya mwezi mwandamo, mwezi wa mizimu, na Mama Sang akaapa kwamba hakuna atakayetoboa tumbo la boti yake mwezi huo hata kama ni mfalme. Bahati nzuri boti ile ilikuwa na tundu la zamani lililoingiza maji kwenye tangi la samaki hai, na valvu yake ya shaba bado ilifunga vizuri. Tukalitumia hilo. Hata hivyo alichoma udi, akaomba radhi kwa kila msumari.

Tulifanya kazi tukiwa tumebanana chini ya sitaha, taa ya kichwani kila mmoja. Pampu ikakaa chini kabisa, chini ya usawa wa maji. Mpira ukapanda kutoka hapo hadi kwenye mashine bila kunyanyuka na kushuka, maana ukiacha nundu moja tu, hewa inakaa hapo na maji hayapiti.

"Inua kidogo," nikasema.

"Hapa?"

"Hapo. Shikilia."

Nilipitisha mkono chini ya mkono wake ili nikaze mkanda wa chuma. Harufu yake ilikuwa ile ile, dizeli na sabuni ya mche. Nilikaza mkanda ule zaidi ya ilivyotakiwa, nikalazimika kuulegeza na kuanza tena, naye hakunihimiza.

"Ulijifunza lini kazi hii?" akaniuliza mwishoni. "Zamani ulikuwa unakaa kaunta tu."

"Baba alipopata kiharusi. Mkono wake wa kulia ulikufa, nikawa mkono wake."

"Sikujua."

"Ungejuaje?"

Aliinamisha kichwa, mwanga wa taa yake ukaangukia kwenye magoti yangu, ukabaki hapo.

Bomba la maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine nililipeleka nje moja kwa moja. Yeye alitaka liishie kwenye ngama, kule chini boti inakokusanya maji machafu, ndiyo njia fupi. Nikamkatalia. Ngama ile ilipakana na jenereta, na mashine ikivuta hewa pale inaweza kuvuta moshi wa jenereta kupitia bomba hilo hilo na kuumwaga chumbani mama yake akiwa amelala. Akaweka bomba chini, akasema, "Ningemuua kwa mikono yangu."

"Ndiyo maana kuna mafundi."

Mchana Mama Sang alitupikia uji wa wali na samaki. Siku ya kwanza alinipa bakuli bila kuniangalia. Siku ya pili aliuliza kama napenda tangawizi. Siku ya tatu alichukua shavu la samaki, nyama laini ambayo kwao huwekewa mpendwa, kwa vijiti vyake vinavyotetemeka, akalipitisha mbele ya pua ya mwanawe na kuliweka kwenye bakuli langu. Shui-sang akaacha kutafuna.

Jioni ya siku hiyo tuliiwasha. Pampu ikanguruma, na ubavuni mwa boti mkondo wa maji wa unene wa kidole ukaanza kutoka, safi, bila kukatika. Kipimajoto kikashuka: thelathini na mbili, ishirini na tisa, ishirini na sita. Mama Sang aliweka kiganja mbele ya tundu la hewa akasema, "Ee!" kama mtoto. Robo saa baadaye alikuwa amelala, mdomo wazi, shuka hadi kidevuni.

Tulikaa nyuma ya boti, kisanduku cha vifaa katikati yetu.

"Nieleze matunzo," akasema.

"Chujio la maji, kila Jumamosi. Funga valvu kwanza, fungua kifuniko, toa kikapu, safisha, pakaa mpira wake mafuta kidogo, rudisha. Dhoruba ikipita, hata kila siku mbili. Kichujio cha hewa, kila mwezi. Mara mbili kwa mwaka mabomba yasuuzwe kwa asidi laini ili vikonokono visizibe. Na kila asubuhi mtu achungulie ubavuni kama maji yanatoka."

"Vidole vya Mama haviwezi kufungua kile kifuniko."

"Haviwezi."

"Nilidhani..." Akajikuna kidevu. "Wewe uko hapo ng'ambo tu. Dakika tano kwa sampani."

"Ulidhani."

"Ningekulipa, bila shaka. Kama mteja yeyote."

Nilisimama. "Shui-sang, umeniacha miaka kumi na moja bila hata salamu, na umerudi kunikabidhi mama yako kila Jumamosi kama mteja yeyote?"

"Usipandishe sauti, amelala."

"Basi nijibu kwa sauti ndogo."

Akasimama naye. "Na wewe nijibu. Leo asubuhi nimepanda paani. Mimi ni makanika, Ah-Suet, si mtalii. Kwa fremu ya chuma ile mashine nyingine ingekaa. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini hukusema?"

"Hii ni bora kwa chumba chake."

"Sikukuuliza ipi ni bora."

Boti ya jirani ilipita, mawimbi yakatuyumbisha, nikashika ukingo. "Mama yako aliniomba nichague inayotaka mtu," nikasema. "Ili ubaki."

"Na wewe ukakubali. Umenitega."

"Sijui nilikubali kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nimejiuliza siku tatu. Sijui."

Hasira ikamtoka usoni, kukabaki uchovu. Akakaa tena juu ya kamba zilizofungwa.

"Nilisema nitakupigia nikiwa na kitu cha kukuonyesha," akaanza. "Mwaka wa kwanza sikuwa nacho. Wa pili nikaona haya kwamba mwaka wa kwanza sikupiga. Wa tatu ningesema nini? Nilikuwa nafika kwenye simu, nashika, naweka chini. Baadaye haya ikageuka mazoea."

"Ulioa?"

"Niliishi na mtu miaka mitatu. Akaondoka. Alisema hata nikiwa mezani sipo." Akaninyanyulia macho. "Na wewe?"

"Alikuja mmoja, mtu mwema tu. Baba akampenda. Kila simu ikilia dukani nilikuwa naruka. Akaliona hilo, akaacha kuja."

Nilisikia kompresa ikijizima chini na kuwaka tena baada ya muda, inavyotakiwa.

"Nisubiri," akasema. "Miezi kumi. Mkataba huu mmoja, wa mwisho. Nikirudi nitakuja dukani mwenyewe, nitaleta chai ya posa, nitafanya kila kitu kinachotakiwa. Naomba unisubiri, Ah-Suet."

Miaka yote ile hicho ndicho nilichotaka kusikia. Nilikuwa nimeshalijibu swali hilo mara elfu, nikiwa kitandani, nikiwa sokoni, nikiwa kwenye kiti cha hospitali kando ya Baba. Jibu lilikuwa ndiyo kila mara.

"Uvunje mkataba," nikasema.

"Siwezi hivi hivi."

"Watu huvunja. Sema hutaki."

Akazungusha ncha ya kamba kidoleni. "Naogopa," akasema hatimaye. "Kule nina cheo, nina chumba changu cha injini, watu wananiita bosi. Hapa nitakuwa mtoto wa Mama Sang mwenye boti isiyovua."

"Ulipoondoka mara ya kwanza hukuniomba nikusubiri, nikakusubiri. Leo umeniomba, na siwezi. Nimeishiwa, Shui-sang. Si hasira. Nimeishiwa tu."

Alinyoosha mkono akashika ncha za vidole vyangu. Sikuvitoa. Tulikaa hivyo mpaka mwanamke wa sampani alipopiga honi kuuliza kama kuna anayevuka. Nikachukua kisanduku changu.

Aliondoka siku ya nane. Hakuja kuniaga, na sikumtegemea. Nilijua kwa sababu asubuhi ile nilimwona kwenye gati upande wa pili, begi moja begani, akipanda teksi. Aligeuka akatazama upande wa karakana. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa chuma ulioshushwa nusu, naye asingeweza kuniona. Teksi ilipoondoka nikaupandisha mlango wote, nikafungua biashara. Mteja wa kwanza aliniuliza kama ninaumwa macho.

Nilijiapiza kwamba Jumamosi sitakwenda. Fundi amemaliza kazi, kazi imekabidhiwa. Jumamosi ikafika na nyuzi thelathini na nne saa tatu asubuhi. Nikawaza kile kifuniko na vile vidole. Saa nne nilikuwa kwenye sampani.

Mama Sang alikuwa amepiga magoti chini, kitanda kimesogezwa, kitambaa kimezungushwa kwenye kifuniko cha chujio, anakivuta kwa mikono yote miwili huku akikitukana kwa matusi ambayo sijawahi kuyasikia nchi kavu. Hakikuwa kimesogea hata nukta.

"Umefunga valvu?" nikamuuliza.

Akageuka. Jasho lilikuwa linamchuruzika, macho mekundu. "Valvu ipi?"

Nikapiga magoti kando yake. Nikamwonyesha valvu, tukaifunga pamoja, kiganja changu juu ya chake. Nikafungua kifuniko, nikatoa kikapu. Kulikuwa na kipande cha mfuko, kisamaki kimoja kilichokufa na matope. Nikamwachia aoshe yeye, kwa mswaki, kwenye beseni. Aliosha kwa uangalifu mkubwa, kama anaosha jino la mtu.

"Nitakutengenezea mpini mrefu wa kufungulia kifuniko," nikasema. "Utaweza mwenyewe."

"Usiutengeneze haraka," akasema.

Tulirudisha kikapu, tukafungua valvu, akachungulia ubavuni akahakikisha maji yanatoka. Kisha akapakua uji, mabakuli mawili. Alikuwa amepika wa kutosha watu wawili kabla hajajua kama nitakuja. Tukakaa kwenye ubaridi ule, feni imezimwa, tukala.

"Unajua kwa nini nilikukataa?" akauliza ghafla.

"Kwa sababu natoka nchi kavu."

"Hiyo niliwaambia watu. Siku ya kwanza alipokuleta niliona anavyokutazama, nikajua huyu hatalala tena humu. Nilishamzika mmoja bila mwili. Niliogopa kulala peke yangu na haya maji." Akakoroga uji wake. "Nikakufukuza ili nisilale peke yangu. Nimelala peke yangu miaka kumi na moja."

"Na mimi, Mama Sang."

"Najua. Dirisha lako la juu ya karakana linaonekana kutoka hapa. Kila jioni nilikuwa naliona likiwaka, taa moja tu, haijawahi kuwa mbili. Nilikuwa nasema moyoni, kesho nitavuka nikaongee naye. Kesho yake nasema kesho."

Niliweka kijiko chini, nikautazama uji ukipoa, na machozi yakanidondoka humo humo. Hakunibembeleza. Alinisogezea chombo cha tangawizi.

"Usimsubiri," akasema. "Mimi nitamsubiri, mimi ni mama, sina namna. Wewe una miaka yako. Akitokea mwingine, mlete nimwone kama ana akili. Asipotokea, njoo hivyo hivyo."

Simu yake ikalia kitandani, kati ya shuka. Kwenye kioo niliona namba ndefu ya ng'ambo. Akaipokea, akaishika mbali na sikio kama wafanyavyo wazee, kwa hiyo niliisikia sauti ya Shui-sang yote, ndogo na ya mbali, na injini nyuma yake.

"Mama, umekula?"

"Tunakula."

"Chumba kina baridi?"

"Kina baridi. Chujio tumelisafisha."

"Tumelisafisha? Uko na nani?"

Mama Sang akanitazama. Aliona mkono wangu ulivyokuwa umetulia juu ya goti. Haukunyooshwa kuomba simu. Nilijiona mimi mwenyewe pia, nikashangaa.

"Niko na mtu wa nyumbani," akamwambia mwanawe. "Wewe fanya kazi yako."

Akakata, akaichomeka simu chini ya mto, akachukua bakuli langu lililopoa na kwenda kuniongezea uji wa moto.